Kumtafutia Daktari Bingwa Mtoto Mwenye Selimundu: Mwongozo kwa Wazazi na Jumuiya

Katika sura ya 5 ya Injili ya Marko tunakutana na watu wawili wanaotafuta uponyaji. Wa kwanza ni Yairo, mkuu wa sinagogi, anayemwombea binti yake wa miaka 12 aliye katika hatari ya kufa. Wa pili ni mwanamke aliyeugua kwa miaka 12, aliyekwisha kuwapitia waganga wengi na kumaliza mali yake bila kupata nafuu. Wazazi wengi katika parokia zetu wanabeba habari hizo zote mbili: wana mtoto mgonjwa kama Yairo, na wameuza mbuzi, shamba au cherehani kama mwanamke yule, wakihama kutoka mlango mmoja wa tiba hadi mwingine. Miongoni mwao ni wazazi wa watoto wenye selimundu. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya jumuiya zinazowazunguka, tunaandika makala hii.

Ugonjwa wenyewe

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Kwa kawaida chembe hizo ni mviringo na laini, nazo hupita kwa urahisi hata katika mishipa midogo. Za mwenye selimundu hupinda zikawa na umbo la mundu. Zikikwama katika mishipa huleta maumivu makali. Na kwa kuwa huvunjika mapema, mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu.

Mtoto huupata kwa kurithi vinasaba kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa kinasaba cha selimundu, katika kila ujauzito kuna uwezekano 1 kati ya 4 wa mtoto kuwa mgonjwa, 2 kati ya 4 wa kuwa mbebaji tu, na 1 kati ya 4 wa kutokurithi kabisa. Hesabu hiyo inatosha kuondoa maneno yanayozivunja nyumba zetu. Hapana laana, hapana mkono wa jirani, wala hapana sababu ya mama kulaumiwa peke yake na ukoo wa mumewe. Wameupitisha wote wawili, bila kujua na bila kosa.

Kwanza, ugonjwa upate jina lake

Hakuna bingwa atakayesaidia ikiwa ugonjwa haujulikani. Watoto wengi hutibiwa malaria mara kwa mara bila mtu kuuliza kwa nini homa, maumivu na upungufu wa damu vinarudi. Dalili za mwanzo huonekana kuanzia karibu na mwezi wa sita, na mara nyingi ya kwanza ni kuvimba vidole vya mikono na miguu. Mzazi akiona hivyo, au akiwa na mtoto mwingine mwenye ugonjwa huu, aombe kipimo kwa jina lake.

Hapa pana jambo la kuangalia. Kipimo cha kawaida cha maabara kinachoangalia kama chembe hupinda hakiwezi kumtofautisha mgonjwa na mbebaji, na kwa mtoto mchanga kinaweza kutoa jibu la uongo. Jibu la uhakika hutolewa na kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka vinavyohitaji tone moja tu la damu. Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa, kwani karatasi hiyo ndiyo itakayomfungulia mtoto milango yote inayofuata.

Bingwa yupi?

Mabingwa wa magonjwa ya damu ni wachache nchini, na wengi wao wako katika hospitali kubwa. Kwa sababu hiyo wazazi hudhani kwamba bila kumfikia mmoja wao mtoto hana msaada. Sivyo. Kwa watoto wengi, daktari bingwa wa watoto anayesimamia kliniki ya selimundu yenye siku maalumu, maabara na dawa, ndiye anayefaa. Sifa yake kuu si umaarufu, bali ni kumwona mtoto kwa mpangilio, hata siku ambazo mtoto anacheza na hana maumivu yoyote.

Tunawashauri wazazi wafikirie madaktari wawili. Wa mbali ni bingwa anayepanga matibabu na kumpima mtoto kwa vipindi. Wa karibu ni daktari au tabibu wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, atakayempokea mtoto usiku wa manane homa ikipanda. Bingwa aliye umbali wa saa kumi kwa basi hawezi kumwokoa mtoto usiku huo. Ni vema basi mzazi aombe barua ya bingwa inayoeleza mpango wa matibabu, na nakala yake ikae katika kituo cha karibu.

Zipo nyakati ambapo bingwa mwingine huhitajika: kiharusi kikitokea au kukiwa na hatari yake, nyonga ikiuma hata mtoto akachechemea, figo au macho yakidhurika. Hapo bingwa wa kwanza ndiye aandike rufaa, ili habari za mtoto zisitawanyike.

Njia ya rufaa

Mfumo wetu huanzia zahanati na kituo cha afya, ukapanda hadi hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda na ya taifa. Kuruka ngazi bila barua huongeza gharama, na mara nyingi mtoto hurudishwa alikotoka. Huduma za selimundu hupatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, na Bugando jijini Mwanza, ambayo ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na huendeshwa kwa ushirikiano na Serikali. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Tiba hiyo inaweza kuponya kabisa, lakini huhitaji mtoaji anayelingana na mgonjwa, kwa kawaida ndugu wa baba na mama mmoja, na si kila mtoto anayefaa kuipata. Kabla ya kusafiri, mzazi aulize katika hospitali ya mkoa wake, kwa maana huenda kliniki ipo karibu kuliko anavyodhani.

Kuhusu gharama, mzazi asione haya kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na kueleza hali yake. Aulize pia kuhusu bima ya afya, na kama dawa za mtoto zimo katika kifurushi chake.

Maswali ya kumwuliza bingwa

Mzazi aandike maswali nyumbani, kwani mbele ya daktari mengi husahaulika.

1. Je, mtoto wetu anapaswa kutumia penisilini ya kinga? Kwa kawaida hutolewa tangu umri wa miezi miwili au mitatu hadi angalau miaka 5, kwa sababu maambukizi huwaua haraka watoto hawa.
2. Je, amekamilisha chanjo, hasa ile ya nimonia, na tunamkingaje na malaria?
3. Je, haidroksiyurea inamfaa? Dawa hii hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba inaweza kutumika kwa usalama kwa watoto wa Afrika, maadamu damu yao inapimwa kwa vipindi.
4. Je, atapimwa kasi ya damu katika mishipa ya ubongo? Kipimo hiki hufanywa kila mwaka kwa watoto wa miaka 2 hadi 16, nacho huonyesha hatari ya kiharusi kabla hakijatokea.
5. Akizidiwa tukiwa nyumbani, twende wapi na tumpigie nani?

Bingwa mwema hakasirikii maswali. Asiyetaka kuulizwa, au anayeahidi kuponya selimundu kwa chupa moja ya dawa, si wa kumkabidhi mtoto.

Dalili zisizongoja siku ya kliniki

Mtoto apelekwe hospitali mara moja akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi. Akipumua kwa shida au kuumwa kifua. Akipauka ghafla au tumbo likivimba upande wa kushoto, palipo na wengu. Akilegea upande mmoja wa mwili, kushindwa kusema au kupata degedege. Au maumivu yasipotulia kwa dawa za nyumbani. Hapo daktari wa karibu ndiye bingwa wake.

Sala na dawa

Wapo wanaoacha dawa baada ya kuombewa, wakidhani kuendelea nazo ni upungufu wa imani. Mama Kanisa hafundishi hivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinamwagiza mgonjwa asali na pia ampe nafasi tabibu, kwa kuwa tabibu na dawa vyote vimetoka kwa Mungu. Mtoto aliyefikia umri wa kutumia akili, akiugua vikali, anaweza kupewa Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, ambayo si ya wanaokata roho peke yao. Paroko aitwe mapema, naye daktari aitwe vilevile.

Wajibu wa jumuiya

Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu hakufika kwa Yesu kwa nguvu zake. Walimbeba watu wanne. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kuwa watu hao: kuchangia nauli ya kliniki, kukaa na watoto wengine mama anapolazwa na mgonjwa, kuchangia damu, na kumweleza mwalimu kwamba mtoto huyu anahitaji kunywa maji mara nyingi na kutoadhibiwa anapokosa shule kwa maumivu. Nao walimu wa mafundisho ya ndoa wawahimize wachumba kupima hali zao, ili waamue na kujiandaa wakijua. Kipimo hicho si hukumu juu ya upendo wao, wala hakipunguzi thamani ya mtoto yeyote.

Tarehe 19 Juni kila mwaka ni Siku ya Selimundu Duniani. Tunapendekeza Jumapili iliyo karibu na siku hiyo kila kigango kiulize: ni watoto wangapi kati yetu wana ugonjwa huu, na nani kati yao hajaonwa na daktari mwaka huu? Majina yao yakijulikana, safari ya kumtafuta bingwa haitakuwa tena ya mama mmoja akiwa na mtoto mgongoni.