Mtego Uliotangazwa: Namba za Ziada katika Mafumbo ya Hesabu

Mafumbo ya hesabu yenye namba zisizohitajika hayakuzuliwa na watunga mitihani wa leo. Papirasi ya Rhind, iliyonakiliwa Misri na mwandishi aitwaye Ahmes karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, imeorodhesha nyumba 7, paka 49, panya 343, masuke 2,401 na vipimo 16,807 vya nafaka, jumla 19,607. Zaidi ya miaka 3,000 baadaye, Waingereza walikuwa na fumbo la msafiri wa St Ives aliyekutana na mtu mwenye wake 7, kila mke magunia 7, kila gunia paka 7, kila paka watoto 7. Wake, magunia, paka na watoto wao ni 2,800, sawasawa na mistari minne ya mwanzo ya Ahmes. Ila fumbo linauliza ni wangapi walikuwa wakienda St Ives, na jibu lililozoeleka ni mmoja, yaani msafiri mwenyewe. Kuzidisha kulikokuwa kazi halali kwa Ahmes hapa kumekuwa mtego.

Huku kwetu mtego wa namna hiyo ulilelewa katika masimulizi. Mwanahisabati Marcia Ascher, alipolinganisha mafumbo ya kuvuka maji mwaka 1990, alitaja la Waswahili wa Zanzibar: mgeni amekataa kulipa kodi ya Sultani, naye ataokoa roho yake akifaulu kuvusha chui, mbuzi na majani. Sultani, kodi na tishio la kifo havibadilishi chochote katika ufumbuzi. Kinachohesabiwa ni nafasi chomboni na nani asiachwe na nani. Msikilizaji alilazimika kupepeta kwanza. Hata hivyo hakuonewa, kwa sababu fumbo lina mapatano yake. Anayetega kitendawili husema wazi kwamba anatega, wenzake humjibu “Tega!”, na wakishindwa hutoa mji ndipo waambiwe jibu. Hila ilikuwa halali kwa kuwa ilitangazwa, na kushindwa hakukuwa fedheha.

Shule ilichukua mtego ikayaacha mapatano. Mwaka 1979 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto 97 wa shule ya msingi: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuchezea namba walizopewa. Ni rahisi kusema hawakufikiri, lakini mazoea ya darasani yanaeleza zaidi: mtoto amejifunza kwamba kila swali la mwalimu lina jibu, na kila namba iliyoandikwa ina kazi. Kwa kanuni hiyo ambayo hakuna aliyeitamka, walijibu kama walivyozoezwa.

Pingamizi zito dhidi ya mafumbo haya shuleni linatoka mahali kama Mutuka, kata ya mji wa Babati, Tanzania, katika eneo la Wagorowa. Kiswahili ni lugha ya kufundishia shule za msingi za umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini mtoto anayezungumza Kigorowa nyumbani hukutana na fumbo katika lugha yake ya pili. Tuseme mfugaji ametoka Mutuka na mbuzi 12 na kondoo 8, amelipa shilingi 2,000 njiani, kisha ameuza mbuzi 5. Amebakiwa na mbuzi wangapi? Mtoto anayejua vizuri kwamba 12 kutoa 5 ni 7 anaweza kukwama katika maneno, na alama yake ikapima lugha badala ya hesabu. Pingamizi hili ni la kweli, na linatosha kuyaondoa mafumbo ya aina hii katika mtihani ulioandikwa ambamo mtoto hana wa kumuuliza.

Halitoshi kuyaondoa darasani. Mnadani, dukani na shambani, taarifa haziji zikiwa zimechambuliwa. Bei, uzito, nauli na deni humfikia mtu kwa pamoja, naye lazima ajue kipi kinahusu uamuzi wake. Mtoto asiyewahi kupewa namba ya ziada hajafundishwa kuikataa. Basi mwalimu na arudishe mapatano: aseme mapema kwamba humu kuna visivyohitajika, na pengine swali halina jibu kabisa, aruhusu swali lifafanuliwe kwa lugha ya nyumbani, na kabla ya kukokotoa adai kila mmoja ataje kipi anakiacha na kwa nini. Sababu hiyo ndiyo inayostahili alama ya kwanza, kwa kuwa anayejua kwa nini ameiacha namba amekwisha kulielewa swali.