Mikaratusi mtoni: tulifikaje hapa?

UZI. Kila kampeni Meru na Embu utasikia: "Ng'oeni mikaratusi mtoni!" Sawa, lakini historia je?

1/ Miaka ya 1940, wakoloni waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta bila malipo. Uhuru ulipokuja, wengi waliona kuhifadhi udongo ni ukoloni tu.

2/ Kingo za mito kama Kathita na Rupingazi zikalimwa. Mikaratusi hunywa maji sana, ila inalipa: kuni, mbao, nguzo. Na udongo ukimomonyoka Embu, Rupingazi unaupeleka Thiba, hadi bwawa la Kamburu, kwenye stima yetu sote.

3/ Sheria ya Maji ya 2002 ilitambua vyama vya watumiaji maji, yaani majirani wenyewe walinde mto. Amri pekee ilishafeli. Basi akikwambia "ng'oa", muulize: nipande nini nipate karo?