Uzamili wa Biashara Nje ya Nchi: Hakiki Chuo Kabla ya Kulipa Ada

Wahitimu wa mikoa ya Shinyanga na Geita wanaokusudia kusoma Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara nje ya nchi, ili kushika nafasi za uongozi migodini au serikalini, wanapaswa kuhakiki kwanza ithibati ya chuo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo yenye mamlaka ya kutambua tuzo za vyuo vya nje. Tuzo isiyotambuliwa humfungia mwenye nayo milango ya utumishi wa umma, hata kama familia iliuza ng'ombe kuigharamia.

Kwa wasio na ada, ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza hugharamia uzamili wa mwaka mmoja. Mwombaji huhitaji uzoefu wa kazi wa miaka 2 na, akihitimu, hutakiwa kurejea nchini kwa angalau miaka 2.