Jiwe gumu, udongo laini: kisa cha handaki la Porto

Juzi pale kafeteria tulibishana: kipi kinamsumbua zaidi mtu anayechimba handaki la treni, mwamba mgumu au udongo laini? Mimi nilisema mwamba, tena nikaweka dau la soda. Nimeenda kusoma, nimerudi mpole. Balaa ni vikiwa pamoja, na mji wa Porto kule Ureno ulilijua hilo kwa uchungu.

Porto imekaa juu ya graniti. Wenzangu wa Mwanza mnayajua yale majabali ya mviringo, likiwemo lile la Bismarck pale ziwani. Maji hupenya kwenye nyufa, mwamba unaoza taratibu, katikati linabaki jiwe zima. Mwanza udongo wa pembeni umeshaondoka, mawe yako nje. Porto mengi bado yamezikwa ndani ya mwamba uliooza, unaomomonyoka kama mchanga.

Sasa mwaka 2000 mashine yenye kipenyo cha mita 8.7 ikaanza kuchimba kutoka Campanhã kwenda Trindade, kama kilomita 2.3 hivi. Mbele ina chumba. Udongo uliokatwa ukijaa humo kwa presha, unaizuia ardhi isibomoke. Lakini penye mwamba mzima, chumba kikijaa kazi inakwenda polepole na meno yanalika, kwa hiyo kuna sehemu walichimba kikiwa hakijajaa. Kumbe Porto mwamba hubadilika ndani ya mita chache tu! Jiwe likigoma mashine inasaga palepale, huku udongo laini wa pembeni unaporomokea chumbani. Unatoka udongo mwingi kuliko ukubwa wa handaki, na juu linabaki shimo asiloliona mtu.

Katikati ya Desemba 2000 mashine ilipita chini ya nyumba moja. Kimya. Tarehe 12 Januari 2001, karibu mwezi mzima baadaye, nyumba ile ikaanguka na mtu mmoja aliyekuwa ndani akafa. Jamani, hapo niliacha kusoma kwanza. Mtu yuko kwake, mashine imeshapita siku nyingi.

Uchimbaji ulisimama hadi Septemba 2001. Wataalamu walioitwa hawakuhangaika na meno makali zaidi. Walitaka chumba kijae muda wote, hata penye mwamba mzima. Presha ikishuka, tope la bentonaiti lisukumwe humo lenyewe. Na udongo unaotoka upimwe uzito kwenye mkanda wake: ukizidi, ujue kuna shimo juu. Handaki hilo likamalizika 2002, na lile la Salgueiros hadi São Bento likafuata 2003.

Kwa hiyo nimekubali. Jiwe lenyewe linachelewesha kazi tu. Kilichoua ni udongo uliotoka wakati watu wanahangaika na jiwe. Soda nadaiwa mimi, ila moja tu, msije kumi!