Waya, Feleji na Kamba "Bandia"

Zamani neno kamba halikuhitaji maelezo mengi. Mwambaoni palikuwa na kamba za usumba, na baharia alikuwa na amari ya nanga na henza ya tanga. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida ulipofika mashamba ya Kimamba, wilayani Kilosa, kamba ikawa ni katani.

Kamba ya chuma ilianza kutumika katika machimbo ya Harz, Ujerumani, mwaka 1834. Kwetu imeitwa waya, jina linalotatanisha, kwa kuwa waya ni uzi mmoja, na kamba hiyo ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja. Tena anayeagizwa waya aweza kuleta ule wa umeme.

Kisha zikaja nyuzi za viwandani. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000 za katani. Baada ya hapo bei ilianguka, na nyuzi hizo zilikuwa sababu mojawapo kubwa. Si ajabu basi mtu wa Kilosa kuziita "bandia", maana zilimnyang'anya riziki.

Lakini mfasiri wa kitabu cha maelekezo ya gari asiukubali uchungu huo uwe istilahi. Tuchukue gari lililozama katika tope la mbuga ya Mkata, hifadhini Mikumi, wakati wa masika. Dereva akisoma "kamba bandia" atadhani ni dhaifu, kumbe ile ya poliethilini ya siku hizi, kwa uzito ule ule, huishinda ya chuma kwa mbali, na huelea majini. Ikikatika hairuki kwa nguvu kama ya chuma, ambayo yaweza kuua. Udhaifu wake uko kwingine: joto la breki ya winchi, jua kali, na mchanga unaopenya kati ya nyuzi. Ya chuma huvumilia mawe na joto, ila hushika kutu, na nyuzi zake zilizokatika huchoma mikono isiyovaa glavu.

Sisi twapendekeza kamba ya feleji na kamba sanisi. Wako watakaosema feleji ni neno la panga na visu. Na liwe hivyo, chuma chake ni kile kile. Winchi tunaiacha ilivyo, kwani makuli wa bandarini wameizoea zamani.