Kadi ya Grafiki kwa Pesa za Ndengu

Leo nina historia kidogo, tena historia iliyogusa mfuko wa mama yangu.

Januari nilikuwa nyumbani Kyuso, kaskazini mwa Mwingi, nikakuta kompyuta inawaka lakini skrini ni giza tupu. Ni kompyuta ya mtumba, ile myembamba ya ofisini, ambayo dada yangu mdogo huitumia kuchora ramani za nyumba kwa masomo yake ya chuo. Nilipoifungua nikaona feni ya kadi ya grafiki imekwama kwa vumbi. Kadi imeungua.

Jambo la kwanza, kabla hamjatoa hata shilingi: itoeni kadi mbovu, kisha chomekeni waya wa skrini kwenye mathabodi yenyewe. Kwangu picha ilirudi. Kwa barua na filamu, grafiki iliyomo ndani ya prosesa inatosha. Lakini dada alipojaribu kuzungusha mchoro wake wa 3D, kompyuta ikawa inajikokota. Mama akatoa elfu nane za mauzo ya ndengu, akaniambia, "Hizo ndizo zilizopo. Usizipoteze."

Basi nikaanza kuuliza uliza, na nikapata kadi tatu.

Ya kwanza nilipewa bure na rafiki. Haikuingia! Ilikuwa ya AGP. Kwa wasiojua, tundu la PCI lilitoka mwaka 1992, likapitisha megabaiti 133 kwa sekunde, na vifaa vyote vikagawana njia hiyo hiyo. Gemu za 3D zilipopamba moto, Intel ikatengeneza AGP, njia ya kadi ya grafiki peke yake, na mathabodi zake zikafika sokoni mwaka 1997 zikianzia megabaiti 266. Hata GeForce 256 ya mwaka 1999, ambayo Nvidia iliinadi kuwa GPU ya kwanza duniani, ilikaa kwenye AGP. Kisha mwaka 2003 ikaja PCI Express, na AGP ikazikwa taratibu. Tundu la PCI Express halipokei kadi ya AGP hata ukilibembeleza.

Ya pili ilikuwa Radeon RX 580 ya mwaka 2017, bei nzuri ajabu. Mbona rahisi hivyo? Kadi za aina hii zilipendwa sana na wachimbaji wa Ethereum, ndiyo maana wakati wa homa ya sarafu hizo mtu wa kawaida hakuzipata kwa bei ya haki. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa uchimbaji wa kutumia kadi, nyingi zikarudi sokoni kama mitumba. Tatizo langu halikuwa umri wake, ni stima. Tundu la PCI Express hutoa wati 75 tu. RX 580 hula kama wati 185, kwa hiyo hudai waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Pawasaplai yetu ni ya wati 240 kwa kompyuta nzima, na waya huo haina. Isitoshe, kadi yenyewe ni ndefu na nene kuliko kasha letu.

Ya tatu ilikuwa GT 1030: fupi, wati 30, haihitaji waya wa ziada. Nikataka kutuma pesa papo hapo, nikakumbuka mtego. GT 1030 ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatolewa nyingine yenye DDR4, gigabaiti 16.8 tu. Jina ni lile lile! Nikamwomba muuzaji anipigie picha ya kibandiko cha nyuma. Kumbe ni DDR4. Nikamshukuru, nikatafuta siku nne zaidi hadi nikapata ya GDDR5 kwa elfu saba, tena isiyo na feni, maana vumbi letu nimeshalijua.

Niseme ukweli: kadi hii ni ya familia ya Pascal, ambayo tangu Oktoba 2025 haipati tena dreva za kawaida za gemu, ila marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa dada atakayemaliza chuo kabla ya hapo, inatosha.

Kwa hiyo msianze kwa kuuliza kadi ipi ina kasi. Ulizeni tundu ni gani, pawasaplai ina wati ngapi, kasha lina nafasi gani, na kumbukumbu ni ya aina gani. Kasi ije mwisho.

Kadi ilifika Mwingi kwa matatu, ikamalizia safari kwa bodaboda. Dada akazungusha nyumba yake bila kukwama. Mama akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na tangi la maji ya mvua liko wapi?"

Dada bado analichora. Haya, tuonane tena wiki ijayo.