RIMPAC: Luteka ya Pasifiki na siasa za mwaliko

RIMPAC ndiyo luteka kubwa kuliko zote za kijeshi baharini. Huandaliwa na jeshi la majini la Marekani kila baada ya miaka miwili, na makao yake ni bandari ya Pearl Harbor, visiwani Hawaii.

Ilianza mwaka 1971. Mwaka 2024 ilizikusanya nchi 29, zikiwa na manowari 40, nyambizi 3, ndege zaidi ya 150 na askari wapatao 25,000.

Bahari ya Pasifiki imefunika takriban theluthi moja ya uso wa dunia, na hakuna jeshi linaloweza kuilinda peke yake. Kwa hiyo majeshi yenye lugha na silaha tofauti hujizoeza pamoja kusaka nyambizi, kutegua mabomu ya baharini na kuokoa watu wakati wa maafa. Hulenga shabaha halisi pia: mwezi Julai 2024 waliizamisha Tarawa, meli kuukuu ya kivita ya Marekani yenye urefu wa mita 250 hivi.

Nani anaalikwa?

Mwaliko wenyewe ni ujumbe wa kisiasa. New Zealand, iliyokuwamo tangu mwanzo, iliwekwa kando katikati ya miaka ya 1980 baada ya kuzikatalia bandari zake meli zenye nguvu au silaha za nyuklia. Ilirejea mwaka 2012, lakini manowari zake zilielekezwa kwenye bandari ya kiraia ya Honolulu, ilhali za Urusi, mgeni wa mwaka huo, zilitia nanga Pearl Harbor.

Urusi haikuishi katika ukaribu huo. Baada ya kulitwaa jimbo la Crimea mwaka 2014, haikualikwa tena.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya China kushiriki kwa mara ya kwanza. Ilileta meli nne, na ya tano, ya upelelezi, ikaja bila kualikwa. Mwaka 2018 Marekani iliufuta mwaliko wa China, ikiituhumu kuweka silaha katika visiwa vinavyogombaniwa vya Bahari ya Kusini mwa China.

Tangu mwaka 2012, China na Urusi zimekuwa na luteka yao ya pamoja baharini. Hivyo mazoezi yanayokusudiwa kujenga maelewano kati ya majeshi huonyesha pia ni wapi maelewano hayo yanapokomea.